Nahodha, Nyavu za Mwenzio Si Njia

Wavuvi wa sangara katika Ziwa Victoria hutega nyavu za makila jioni na kuzivuta alfajiri. Usiku kucha, maboya ndiyo alama pekee ya mali iliyo chini ya maji. Hata hivyo, wapo manahodha wa boti za injini wanaoyapita kwa kasi, rafadha ikikata nyavu, wasigeuke hata kuomba radhi. Wengine hupita ubavuni mwa mitumbwi ya dagaa iliyowasha taa. Mawimbi hutawanya samaki na kuhatarisha waliomo.

Ziwa ni la wote, lakini aliyetangulia kutega aachiwe nafasi. Kupunguza mwendo humchelewesha nahodha dakika chache. Wavu uliokatika humwachia mvuvi deni.

Wavuvi nao wasitege kwenye njia za vivuko, na maboya yao yaonekane usiku. Ugomvi usimalizwe kwa makasia. Aliyeharibiwa nyavu ashike namba ya boti, aifikishe kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo wake, nayo isimamie fidia bila upendeleo. Mwalo unaofumbia macho ubabe leo utaamua mapigano kesho.