Karo ya chuo: Wazazi waelezwe ukweli

Jioni moja jirani yangu, mama mjane, alinijia akiwa ameishika barua ya mwanawe ya kujiunga na chuo kikuu. Alikuwa tayari amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa ng'ombe. "Mwalimu," akaniambia, "nisomee karatasi hii vizuri, maana nimeona laki mbili nikaishiwa na nguvu." Niliposoma niligundua kwamba kiasi kilichomtisha kilikuwa gharama nzima ya kozi kwa mwaka, wala si deni lililomkabili yeye. Barua haikumfafanulia tofauti hiyo. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na habari za fedha zilikuwa zimefichika karibu na mwisho, baada ya onyo kuhusu pombe.

Nathubutu kusema kwamba mifugo mingi huuzwa humu nchini kwa sababu ya barua za namna hiyo.

Zamani mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Kabla ya mwaka 2023, mwanafunzi aliyedhaminiwa na Serikali katika chuo cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na Serikali ikakipelekea chuo sehemu yake. Mei 2023 ukatangazwa mfumo mpya, ambao uligawa gharama ya kozi katika mafungu matatu: ufadhili, ambao haurudishwi, mkopo, ambao utarudishwa na mwanafunzi, na sehemu ya familia. Ukubwa wa kila fungu hutegemea mapato ya nyumba anakotoka mwanafunzi. Katika mpango wa mwaka 2024, familia zilitiwa katika makundi matano. Nyumba yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi ilitakiwa kulipa asilimia 5 tu ya gharama, ilhali ile inayopata zaidi ya shilingi 120,000 ilitakiwa kulipa asilimia 40.

Basi tukaketi na kalamu. Tulikadiria kwamba mama huyu angeangukia kundi la pili: ufadhili asilimia 60, mkopo 30, familia 10. Katika shilingi 200,000, ufadhili ni 120,000, mkopo ni 60,000, na yeye mama ni 20,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa kila muhula. Alinitazama kana kwamba namfanyia mzaha.

Lakini furaha yetu haikudumu. Nilipomwuliza kijana kama amekwisha kuomba ufadhili na mkopo, alijibu kwamba alidhani kuteuliwa na KUCCPS kunatosha. La, hakutoshi hata kidogo! Nafasi ni jambo moja na fedha ni jambo jingine, na asiyeomba hutazamwa kama mtu atakayelipa gharama yote. Maombi hufanywa kwa mtandao, nayo yanahitaji kitambulisho, namba za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwombaji mwenyewe. Laini ya kijana huyu ilikuwa kwa jina la mjomba wake. Cheti cha kifo cha baba hakikujulikana kilipo. Wiki mbili nzima zilipotea kwa mambo hayo mawili.

Kisha kuna suala la chakula na malazi, ambalo wazazi hulisahau wakishaiona karo imepungua. Kundi la pili lilitengewa shilingi 55,000 za kujikimu kwa mwaka, nazo ni sehemu ya mkopo. Gawa kwa mihula miwili, upate 27,500. Kijana akikosa nafasi katika mabweni akapanga chumba cha shilingi 4,000, miezi minne itakula 16,000. Zinabaki 11,500 kwa siku zipatazo 112: shilingi mia moja na ushei kwa siku, kwa chakula, sabuni, nauli na kupiga chapa kazi za darasani. Hesabu hiyo yafaa ifanywe nyumbani, kabla ya siku ya kuripoti.

Mimi sikuifanya. Katika miaka ya themanini tulipokea fedha za mkopo tulizoziita "boom", na wiki ya kwanza nilinunua suti na redio ya kaseti. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa mtu wa chai na mkate. Hakuna aliyenieleza kwamba fedha zile ni deni. Na kama nilielezwa, sikutaka kusikia. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ilipoundwa mwaka 1995, ilianza kutusaka sisi wadeni wa zamani, na mshahara wangu ukakatwa kwa miaka kadhaa. Kijana wa leo ajue kwamba mkopo huo una riba, kwamba malipo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na kwamba anayekwepa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi.

Siwalaumu wazazi kwa kuchanganyikiwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huu unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Kisha mwaka huohuo Serikali ikatangaza kupunguzwa kwa karo. Ikiwa mawakili wanabishana, mkulima atajuaje? Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa nini basi kila barua isitangulizwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoonyesha gharama ya kozi, ufadhili, mkopo, na kiasi ambacho mzazi mwenyewe atalipa? Hilo halihitaji tume wala warsha ya hotelini.

Mtamba hakuuzwa. Alipokuwa akiondoka, mama alisimama mlangoni akauliza, "Na hizo fedha za kujikimu zikichelewa, Mwalimu, mtoto atakula nini?" Fedha hizo zimekuwa zikichelewa mara kwa mara, wanafunzi wakaandamana kwa ajili yake. Nilimwambia amwambie mnunuzi wa ng'ombe asubiri kidogo.