Umejitakia!

Nimepotea kidogo, kazi za gazeti zilinibana, mniwie radhi. Leo nimerudi na dukuduku kuhusu neno moja ambalo nimelisikia mpaka limenitoka puani: UMEJITAKIA.

Ninaendesha Toyota Altezza RS200, manyuali, gia sita. Nikifungua mdomo kulalamika jambo lolote linalohusu gari hili, jibu ni lile lile. Mguu wa kushoto umekufa ganzi kwenye foleni? Umejitakia, si ungenunua oto kama wenzako. Bampa limekwanguka kwenye tuta? Umejitakia, nani alikutuma ununue gari la chini. Trafiki kakusimamisha tena? Umejitakia, gari lenyewe la kihuni. Yaani kwa hesabu hizo hakuna mwenye kosa mji mzima ila mimi.

Kwa wasioijua Altezza, tuelewane kwanza. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, na nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Dashibodi yake ina saa ndani ya saa kama saa ya mkononi. Taa zake za nyuma ziliigwa mpaka Marekani, vijana wa huko wakawa wanabandika taa za namna hiyo kwenye kila gari na kuziita taa za Altezza. Yangu ina injini ya 3S-GE ya lita mbili yenye nguvu za farasi 210. Tatizo ni kwamba farasi hao wanaishi ghorofani, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Huku chini ni gari la kawaida kabisa la kupelekea watoto shule. Sasa niambieni, kati ya Morocco na Mwenge saa kumi na moja jioni mtu anaipata wapi mizunguko 7,600?

Hapo ni klachi, gia ya kwanza, mita tatu, breki, frii. Klachi tena. Gia ya sita naiona nikienda Moro tu. Najua mtaniambia flaiova zimejengwa. Ni kweli, ya Tazara ilifunguliwa 2018 na ya Ubungo 2021, na pale zilipo zimesaidia. Foleni imesogea mbele kidogo ikatusubiri kwenye taa zinazofuata.

Lakini foleni ni ya wote, hiyo nimeikubali. Kinachonitia wazimu ni yule bwana wa nyuma kwenye milima ya Goba. Siku hizi nusu ya mji haijawahi kukanyaga klachi, kwa hiyo mtu hajui kwamba gari la manyuali likiondoka mlimani linaweza kurudi nyuma kidogo. Anakuja kukubusu bampa, sentimita ishirini, halafu anachezea simu. Navuta hendibreki, naachia klachi taratibu, naiombea diski yangu dua, na nikirudi hata kiganja kimoja anapiga honi mpaka kuku wanakimbia. Ukimweleza anakujibu nini? Haya, semeni wenyewe.

Faida ninayoipata ni moja: hakuna anayekuja kuazima gari. Hata mlinzi wa maegesho aliyetaka kunisogezea alilizimisha mara tatu, akanirudishia funguo kwa heshima zote.

Kuna la ofisini pia. Siku ya kwanza nilipoliegesha pale, mwenzangu mmoja wa dawati la michezo aliniuliza mbele ya watu, "Kaka, hiyo bahasha ya nani?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Gari hili lina zaidi ya miaka 18, nililinunua kwa mtu aliyekuwa amechoka nalo, kwa fedha za kikoba ambazo nimezirejesha miezi kumi na nane bila kuchelewa hata mara moja. Mwandishi akipanda daladala anaambiwa kazi haimlipi, akinunua gari anaambiwa amehongwa. Na wanaosema hivyo ni waandishi wenzake!

Barabarani swali ni hilo hilo, ila limevaa nguo nyeupe.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Kijana, gari la nani hili?"

"Langu, afande."

"Lako? Unafanya kazi gani?"

Leseni ipo, bima ipo, mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu zote mbili zipo. Anazunguka gari kama mnunuzi. Wakati huo lori limepita limetoa moshi mweusi tumepotezana machoni, na Noah imepita watu wamekaa mpaka juu ya mizigo. Havioni. Mwishoni ananiambia, "Nyie mnakimbiza sana." Afande, tulikuwa kwenye foleni! Nasema wazi: tochi ikininasa nimezidi 50 penye makazi ya watu, niandikiwe elfu thelathini yangu nilipe, sina neno. Sheria ya kufanana na mhuni ndiyo sijaisoma popote.

Fundi naye ana dawa moja tu. Nilikwenda na klachi inayoteleza, akaniambia, "Bosi, tuing'oe hii gia boksi tuweke ya oto, upumzike." Nimeumwa jino, daktari anashauri tung'oe kichwa. Kule Gerezani wauza spea wananiapia kwamba vitu vya gia boksi hii havipo duniani, wakati ni Aisin ya gia sita ambayo ndugu zake walifungwa kwenye Nissan Silvia S15 na Mazda Roadster. Ukishajua hilo unapata pa kuanzia kutafuta.

Tuje kwenye matuta sasa, kwa sababu hapa ndipo utani unapoishia.

Nimepima kwa rula. Kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari langu ni sentimita 13. Halijashushwa, springi ni zile zile za kiwandani. Nikapima na tuta lililo kabla ya kona ya kuingia mtaani kwetu. Kimo chake ni sentimita 19, na upana wake, yaani kutoka unapopandia hadi unaposhukia, haufiki hata mita moja. Huo ni ukuta. Halina rangi, halina kibao, na taa ya barabarani iliyo karibu nalo iliungua zamani.

Tuta si jambo la kukisia, lina vipimo vyake. Waingereza walikaa katika miaka ya 1970 wakapima, wakapata tuta ambalo mpaka leo linaigwa nchi nyingi: upana mita 3.7, kimo sentimita 10, mgongo wa mviringo. Ukilipita polepole hulisikii sana, ukilipita kwa kasi linakuadhibu. Hiyo ndiyo kazi ya tuta, kumwadhibu anayekimbia. La kwetu linamwadhibu kila mtu, hata anayetambaa. Mimi nalipita kwa ulalo, tairi moja moja, kama mtu anayeingia msikitini amechelewa, na bado linanikwangua.

Na msiseme tumeshindwa kujenga. Nendeni Mikumi mkaone. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita kama hamsini, vibao vipo, mwendo umeandikwa, matuta yapo, na dereva anajua kwa nini anapunguza: kuna tembo, kuna pundamilia. Pale napunguza bila kinyongo. Swala wa Mikumi ameandikiwa kibao, mtoto wa shule ya msingi Dar hajaandikiwa.

Maana najua matuta ya mitaani yanakotoka. Nimeripoti habari hizi zaidi ya mara moja. Mtoto anagongwa akitoka shule. Wazazi wanaomba tuta, wanaomba tena, hawajibiwi. Usiku wanakusanya mawe na mifuko miwili ya saruji wanamwaga wenyewe. Ningekuwa mzazi pale ningebeba ndoo ya mchanga. Ugomvi wangu hauko kwao. Uko kwa wale ambao kazi yao ni kuchora kivuko, kuweka kibao na kupima tuta, na wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo, wakaacha wananchi wafanye uhandisi gizani kwa mikono. Halafu likishaganda wanalipita na magari yao ya juu ya serikali, hawasikii kitu.

Sasa turudi kwenye neno letu. Mimi kijana wa Altezza, sawa, nimejitakia. Na yule wa bodaboda aliyerushwa na tuta hilo hilo saa mbili usiku akavunjika mkono, mwezi wa nne, naye kajitakia? Alitaka nini, kuendesha pikipiki yenye matairi ya trekta? Bajaji je? Mwezi uliopita jirani yetu alishikwa na uchungu alfajiri, akapakiwa kwenye bajaji. Pale kwenye tuta alishushwa. Mwanamke ana uchungu, amevuka tuta kwa miguu, ameshikwa huku na huku, ndipo bajaji ikalipanda tupu. Nilikuwa nyuma yao nikielekea kazini, taa zangu ndizo zilizomwangazia. Nani ana ubavu wa kumwambia yule mama kwamba angenunua gari la juu?

Mimi na gari langu hatuna shida ya kuonewa huruma. Bampa nitaliunga kwa gundi, klachi nitaitafuta. Lakini kila mkinijibu "umejitakia" mnamsaidia mtu fulani ofisini kukaa na kibao chake stoo.

Barua nimeshaandika kwa mtendaji wa mtaa, ukurasa mmoja. Vipimo vya tuta nimeviweka, na picha tatu. Haiombi tuta liondolewe, inaomba lijengwe upya kwa vipimo, lipakwe rangi, liwekewe kibao pande zote mbili. Tumepata sahihi 31 hadi jana jioni, na nyingi ni za madereva wa bajaji. Wa Goba wenzangu, barua iko dukani kwa Mangi, pale kwenye kona, anayo chini ya kaunta. Naipeleka Jumatatu asubuhi.