Kitambua-Samaki na Betri Yake: Hesabu Kabla ya Fedha za Nyumba Kuingia Baharini

Juma hili twaijibu barua ya dada yetu wa upande wa kusini mwa Pwani. Mwanawe huvua kwa kayaki ya plastiki nje ya mwamba, naye amemwomba fedha za zamu yake ya mchezo ili anunue kitambua-samaki pamoja na betri. Fedha hizo mama alikuwa amezitenga kwa karo ya muhula ujao. Atuuliza mambo matatu: kifaa hiki chafanya kazi gani hasa, ni kipi kimfaacho mvuvi wa chombo kidogo, na betri yake itatiwaje nguvu katika nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara?

Twaona swali hili si lake peke yake. Vijana wengi wa Pwani siku hizi wazungumzia vifaa hivi, na aghalabu mwenye kuombwa fedha ni mama, mke au dada. Basi ni haki yake naye akielewe kile anacholipia.

Wazee wetu walikipima kina kwa bildi, yaani kamba yenye risasi nchani. Walitia majini, wakahesabu pima, wakajua. Kitambua-samaki kimetumia njia nyingine, nayo ni sauti. Kichwa kidogo kinachotiwa majini, ambacho mafundi hukiita transidyusa, hupiga mlio usiosikika kwa sikio la binadamu. Mlio huo huteremka hadi chini, hugonga mchanga, mwamba au samaki, kisha mwangwi wake hurudi. Katika maji ya bahari sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde moja. Kwa hivyo penye kina cha mita 30, mlio huenda na kurudi kwa sehemu 4 za 100 za sekunde. Kifaa hupima muda huo, kikauchora mchoro kwenye kioo. Watu wa kwanza kukifanya kiwafae wavuvi kibiashara walikuwa ndugu wa jamaa ya Furuno, mafundi wa umeme wa Nagasaki huko Japani, mwaka 1948. Tangu hapo kimepungua ukubwa na bei, hata leo chaenea mbele ya magoti ya mpiga kasia.

Ni lazima tuseme pia kile ambacho kifaa hiki hakifanyi. Hakimwiti samaki, wala hakimlazimishi kula chambo. Hakimwoni samaki aliye mbali mbele ya chombo. Huona kilicho chini yake tu, kwa umbo la pia iliyogeuzwa, nyembamba juu na pana chini. Kwa kichwa cha kawaida chenye pembe ya digrii 20, upana wa duara linaloonekana huko chini ni kama theluthi moja ya kina. Penye mita 30 kifaa huona duara la mita 10. Penye mita 3, ndani ya mwamba, huona duara la mita 1 tu, na hapo macho ya mvuvi yatosha. Kwa hiyo mtu avuaye ndani ya mwamba, au ategaye malema kwenye nyasi za bahari, hana haja nacho. Chamfaa yule atokaye nje, penye miamba iliyozama, miteremko na mashimo ambamo changu na chewa hukaa, mahali ambapo macho hayafiki.

Na hata hapo, faida kubwa haiko katika zile picha za samaki zinazopendeza kwenye kioo. Mpangilio huo hukosea mara nyingi: mapovu au majani yaeleayo nayo huchorwa kuwa samaki. Faida yenyewe ni kuijua sakafu ya bahari. Mwamba mgumu hurudisha mwangwi wa nguvu na kuchorwa kwa mstari mzito. Tope hurudisha mwangwi hafifu. Mvuvi mzoefu huuzima mpangilio wa picha, akasoma alama zenyewe. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Kifaa humwongezea ajuaye, hakimfundishi asiyejua.

Tuje sasa kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni masafa ya sauti, yanayopimwa kwa kilohezi. Masafa ya chini, kama 50, hufika mbali sana chini, lakini mchoro wake si wa kina na hufaa vyombo vikubwa vya bahari kuu. Masafa ya 200 huonyesha vizuri katika kina ambacho mvuvi wa kasia hukifikia. Masafa ya 455 au 800 huchora mfano wa picha safi, ila nguvu yake huisha upesi kadiri kina kizidivyo. Viko pia vifaa vya aina ya CHIRP, ambavyo havipigi mlio wa masafa mamoja bali hupitia masafa mengi kwa mfululizo. Hivyo huwatenganisha vyema samaki walioko karibu karibu au waliojibanza juu ya mwamba. Kwa mvuvi wa kayaki, CHIRP ya kawaida inayozunguka masafa ya 200 yatosha. Asilipie zaidi.

Jambo la pili ni kioo. Inchi 4 au 5 zatosha. Kioo cha inchi 7 hupendeza dukani, lakini hunywa umeme mwingi zaidi na huziba nafasi ya kasia. Afadhali chenye vitufe kuliko cha kugusa, kwani mikono ya mvuvi i majimaji na ina magamba. Kiangaliwe juani kabla ya kulipa, si ndani ya duka. Alama ya IPX7 maana yake ni kwamba kifaa chaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30 bila ya kuharibika. Kisicho nayo kisinunuliwe kwa chombo kinachorushiwa maji kila wimbi.

Jambo la tatu ni GPS. Hapa twasema bila kusita kwamba fedha zikiruhusu, na ichukuliwe. Mvuvi huweka alama mahali alipopata samaki akarudi hapo kesho, na muhimu zaidi, huweka alama ya mlango wa mwamba, apate kuiona njia ya kurejea nyumbani giza likimkuta au mvua ikiifuta bara machoni. Humsaidia pia kujua asivuke mipaka ya hifadhi kama zile za Malindi na Watamu, zilizowekwa tangu mwaka 1968, ambamo kuvua hakuruhusiwi.

Kuhusu kukifunga, kayaki ya plastiki ina nafuu moja: sauti hupenya plastiki iliyo ngumu, kwa hivyo kichwa chaweza kugandishwa kwa ndani, mradi pasibaki hata povu moja la hewa kati yake na sakafu. Mtumbwi wa mti hauna nafuu hiyo. Ubao una hewa ndani yake, na hewa huimeza sauti. Mwenye mtumbwi, hori au ngalawa hana budi kukifunga kichwa kwenye mkono wa fito ubavuni, kizame chini ya mapovu ya kasia, na kiweze kuinuliwa chombo kinapopwelewa.

Sasa betri, ambayo ndiyo sehemu inayowatia wengi hasara. Hesabu yake ni nyepesi, na kila mama awezaye kuupima unga aiweza. Nyuma ya kifaa, au katika kijitabu chake, pameandikwa ampea kinazotumia. Kifaa cha inchi 5 aghalabu hutumia karibu nusu ampea. Zidisha kwa saa za kuwa baharini: nusu ampea kwa saa 6 ni ampea-saa 3. Hicho ndicho kiasi atakachohitaji kwa siku.

Betri ya risasi na asidi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Ni ile itumikayo katika ving'ora vya majumba. Lakini betri ya aina hiyo haipasi kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Nusu ya 7 ni 3 na nusu, basi inatosha kwa siku ile, ila kwa shida. Uzito wake wapita kilo 2. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati ya kiasi hicho hicho huwa nyepesi kwa zaidi ya nusu, huweza kutumiwa karibu yote, na hustahimili kuchajiwa mara 2,000 na zaidi, ilhali ile ya risasi aghalabu huishia mara mia chache. Bei yake ya kwanza ni kubwa. Ila kwa aendaye baharini siku 4 au 5 za juma, betri za risasi atakazonunua na kutupa zitaipita bei hiyo.

Wengine huchukua betri ya bodaboda. Twawaonya wasifanye hivyo. Betri ile imeundwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, si kidogo kidogo kwa saa 6. Na ile yenye asidi ya kumwagika, chombo kikiinama, huunguza ngozi.

Kuichaji kwa jua kwawezekana kabisa. Paneli ya wati 20, jua likiwa kali, hutoa ampea 1 na ushei. Ampea-saa 3 zitarudi kwa muda wa saa 4 hivi, tukihesabu na upotevu. Kati ya paneli na betri pawe na kidhibiti cha chaji, nacho kiwe cha aina inayokubaliana na betri: chaja ya betri ya risasi isitumiwe kwa lithiamu. Betri ya risasi isilazwe bila chaji, hata siku ambazo kusi imechafua bahari na hakuna atokaye.

Pawe na fyuzi ya ampea 3, au kama kijitabu kisemavyo, kwenye waya mwekundu karibu na betri. Waya zikigusana majini bila fyuzi, huweza kuwaka moto kati ya miguu ya mtu aliye peke yake baharini. Betri iwekwe ndani ya sanduku la plastiki lisiloingia maji, lifungwe imara katikati ya chombo, chini. Vituo vyake vipakwe mafuta mazito ya mgando, na kila arudipo, kichwa na kifaa visuzwe kwa maji baridi. Chumvi haina rafiki.

Liko jambo moja zaidi. Chewa na tafi hukusanyika mahali pamoja kwa majira yao ya kutaga mayai. Mtu mwenye alama ya mahali hapo aweza kuwavua hadi wakaisha, na riziki ya mwaka wa pili ikaenda pamoja nao. Mama akimkabidhi mwanawe kifaa hiki, na amkabidhi na wasia huo.

Dada yetu, jibu letu ni hili. Ikiwa mwanao hana jaketi la kuokolea maisha, fedha za kwanza ziende huko, pamoja na mfuko wa simu usiopitisha maji. Karo isiguswe: muhula haungojei samaki. Wala asikopeshwe kwa riba kwa ajili ya kifaa kisicho na ahadi ya samaki. Mwambie aweke akiba yake mwenyewe kutoka kila mauzo, nawe umwongeze zamu ya mchezo itakayofuata. Msimu wa kaskazi unapoingia, bahari ikatulia, ndipo kifaa kitakapoanza kulipa. Akifika dukani, bei aijumlishe yote kwa pamoja: kifaa, betri, kidhibiti, paneli, fyuzi na sanduku. Wengi hununua kifaa, kisha kikakaa kabatini kwa kukosa betri.

Kikiwa ni cha mtumba, asikilipie kabla ya kukijaribu kwenye gati, majini hasa, na aukague waya wa kichwa usiwe umekatwa na kuungwa. Mwenyezi Mungu amrejeshe salama kila atokapo. Juma lijalo, tukijaaliwa, tutazungumzia namna ya kuwahifadhi samaki katika barafu tangu pwani hadi sokoni.