Mutoto asiyetulia: tupime dawa kama tunavyopima mawe

Wachimbaji wa Rubaya na wa Bisie wanajua: hakuna mnunuzi analipa coltan ao kasiterite kwa macho tu. Anapima, tena anaangalia etiketi ya mufuko. Na etiketi nayo, wote tunajua inaweza kutoka shimo moja ikafungwa ku mufuko wa shimo lingine.

Basi, dawa ya mutoto, kwa nini tunainunua kwa macho?

Kuna watoto hawawezi kukaa ku kiti, hawamalizi kazi ya masomo, wanasahau kila kitu. Wamoja wana ugonjwa ambao waganga wanauita TDAH. Si uchawi, na fimbo haiuponyeshi. Dawa yake inayojulikana zaidi ni metilfenidate, ile Ritaline.

Inasaidia? Mu 2023 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 212, yenye watoto na vijana zaidi ya 16.000. Walimu waliona watoto wametulia kiasi. Lakini watafiti wenyewe waliandika kwamba uhakika wa jambo hilo ni mdogo sana. Majaribio mengi yalidumu wiki chache tu. Tena dawa inapunguza usingizi na hamu ya kula, basi anayemuangalia mutoto anaweza kubashiri nani amepewa dawa ya kweli. OMS ilikataa, mu 2019 na tena 2021, kuiingiza ku orodha ya dawa za lazima. Upande mwingine, watafiti walioandika ndani ya The Lancet Psychiatry mu 2018 wanaiweka mbele kwa watoto, kwa muda mufupi. Kwa hiyo tusiseme ni sumu. Tuseme mizani bado haijatulia.

Na huku kwetu Masisi na Walikale, mutoto aliyekimbia vita, asiyelala sababu ya masasi, ao mwenye njaa, naye hatulii. Kumupa huyo kidonge kinachopunguza hamu ya kula ni kumuongezea shida.

Wazazi, mukiambiwa mununue, muulize: nani amemupima mutoto, na aliuliza habari zake nyumbani na ku masomo pia? Dawa ilijaribiwa kwa watoto wangapi, muda gani? Nani alilipa majaribio? Nani atamufuata mutoto na kumupima kilo? Asiye na jibu, mumuache na dawa yake, muende ku kituo cha afya.

Mufuko usiopimwa haununuliwi. Kidonge pia.