Mapatano ya Mtu Mwenye Njaa



Katika mikutano ya matawi miezi hii limezuka neno ambalo halifai kupitwa kimya. Ni habari ya vibarua. Ziko yadi na karakana ambako watu husimama getini alfajiri, nyapara huchagua anaowataka, na waliobaki hurudi nyumbani mikono mitupu. Wengine wao wamefanya hivyo miaka na miaka, kazi ile ile, koleo lile lile, na kila jioni huhesabiwa kuwa wageni. Sasa wametuomba tuwasemee.

Baadhi ya wanachama wamejibu kwamba watu hao si wetu, hawalipi ada, na tena kwamba walikubali wenyewe ile pesa ya siku; hakuna aliyewashika mkono. Wako hata waliosema, nao ni watu wa Kanisa, kwamba bei ya kazi ni kama bei ya kitu chochote sokoni, na Mungu hakumwamuru tajiri kununua ghali kitu anachokipata rahisi.

Habari ya ada itakuja mbele. Tuanze na hili la kukubali wenyewe, kwa maana ndilo lenye mizizi mirefu, na mtu akilimeza bila kulitafuna, chama chenyewe hakina haja ya kuwapo.

Hatuna ugomvi na soko. Mama auzaye sukuma wiki karibu na stesheni anajua habari ya bei kuliko waziri. Mboga zikijaa anashusha, mvua ikikatika anapandisha, na mnunuzi asiyependa huenda kwa jirani yake. Hakuna dhambi hapo. Serikali zilizojaribu kupanga bei ya kila kitu ziliwapa watu wao foleni ndefu na maduka matupu, na hatutaki kuzifuata.

Lakini kazi si mboga. Mama yule jioni hubaki na mafungu yake, huyarushia maji na kuyauza kesho. Siku ya kibarua isiyonunuliwa asubuhi imekwisha oza saa sita mchana. Naye tajiri asipompata kibarua huyu atamchukua yule aliye nyuma yake. Na hata asipompata mtu yeyote, usiku atakula kama alivyokula jana. Mmoja anaweza kungoja, mwenziwe hawezi. Basi mizani imelalia upande mmoja kabla neno la bei halijasemwa.

Wala haya si maneno ya Wakomunisti. Aliyaandika Adam Smith, yule Mskoti anayeitwa baba wa soko huru, katika kitabu chake cha mwaka 1776. Kabla ya kuandika habari za mali alikuwa mwalimu wa maadili katika chuo kikuu cha Glasgow, na kitabu chake cha mwaka 1759 kilihusu dhamiri na jinsi binadamu wanavyoonana huruma. Wanaomtaja siku hizi hupenda kuyaruka hayo. Alisema wazi kwamba matajiri hupatana wao kwa wao daima, kimya kimya, ili mishahara isipande. Kwamba sheria ya wakati wake iliwaachia hao na kuwakataza wafanya kazi. Na kwamba katika kushindana tajiri aweza kukaa mwaka mmoja au miwili kwa akiba yake, hali wafanya kazi wengi hawawezi kumaliza juma moja. Mtu huyo alilipenda soko, na bado aliona wazi kwamba palipo na njaa upande mmoja, uhuru wa kupatana ni nusu tu.

Kanisa lilichelewa kuliko yeye kulisema jambo hili kwa sauti. Lililolisukuma, kwa sehemu, ni mgomo wa makuli.

Mwezi wa Agosti 1889 makuli wa bandari ya London waligoma. Hali yao mtaitambua. Walijazana getini, wakisukumana na kupanda juu ya wenzao ili nyapara awaone, na aliyechaguliwa aliweza kupewa kazi ya saa moja tu kisha akaambiwa aende zake. Walidai peni 6 kwa saa badala ya peni 5, na kwamba mtu akichukuliwa asichukuliwe kwa muda chini ya saa 4. Matajiri wa gati walijibu neno lile lile la soko: watu tele wanataka kazi hii kwa bei hii, basi hii ndiyo bei.

Mambo mawili yaliwaokoa makuli hao, mbali na fedha, kama pauni 30,000, zilizotumwa na wafanya kazi na watu wengine wa Australia. La kwanza ni kwamba wapakizi stadi wa melini, watu wenye chama chao na mshahara wao mzuri kidogo, waliweka vyombo chini pamoja na vibarua. Hawakudai nyongeza yao wenyewe. Na bila wao meli zingeendelea kupakiwa kwa vibarua wapya kutoka nje ya geti.

La pili ni Kadinali Manning, Askofu Mkuu wa Westminster. Alikuwa mzee wa miaka 81, mwana wa mfanya biashara aliyepata kuwa gavana wa Benki ya Uingereza, kwa hivyo hakuwa mtu wa kudanganywa kwa hesabu za matajiri. Makuli wengi walikuwa Wakatoliki wa asili ya Ireland. Mzee huyo alikwenda kwa wakurugenzi wa gati, akaenda kwa viongozi wa mgomo, akarudi tena, mpaka mapatano yakatiwa sahihi katikati ya Septemba. Peni 6 zilianza kulipwa Novemba 4. Hakuhubiri kwamba maskini wavumilie kwa kuwa thawabu yao iko mbinguni. Aliingia katika hesabu ya peni na saa, kwa sababu aliona kuwa dhambi, kama ipo, imo humo humo.

Miaka miwili baadaye, Mei 15, 1891, Papa Leo wa 13 alitoa barua yake iitwayo Rerum Novarum. Barua hiyo ilitetea haki ya mtu kuwa na mali yake, ikaukataa usoshalisti. Hata tajiri angeweza kuisoma sehemu hiyo na kutabasamu. Kisha ikafika kwenye mshahara. Papa alifundisha kwamba ni kweli mfanya kazi na tajiri wapatane kwa hiari, lakini iko haki ya asili iliyo kubwa na ya kale kuliko mapatano yao: mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mtu mwenye kiasi na mwenendo mwema. Mfanya kazi akikubali chini ya hapo kwa sababu ya shida au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ametendewa jeuri na dhuluma. Aidha alivisifu vyama vya wafanya kazi na kuwaambia wakuu wa dola wasivipige marufuku.

Someni tena neno hilo la jeuri, nyinyi mnaosema vibarua walikubali. Mtu anayenyosha mikono kwa sababu ya bunduki, naye pia amekubali.

Katika nchi yetu soko la kazi halikuwa huru hata siku lilipofunguliwa. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1901, na moja ya kazi zake ilikuwa kumtoa mtu shambani kwake akatafute fedha kwa tajiri. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kikaja kipande, kikining'inia shingoni, na aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kutafutwa na polisi. Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Na mwaka 1921 walowezi walipatana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Ndipo Harry Thuku, aliyesomea misheni, akasimama na wenzake. Hao ndio wale wale matajiri wanaopatana aliowasema Adam Smith, ila hawa hawakuona haja ya kukaa kimya.

Makanisa yalisema nini? Lazima tuseme kweli. Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Skotland, waliandika waraka kuonyesha mabaya ya amri ya Northey. Lakini waliona kwamba ikiwa watu watalazimishwa, ni afadhali ilazimishwe kwa sheria iliyo wazi, yenye mipaka. Askofu Weston wa Zanzibar alikataa hata hilo. Kwake yeye, kumlazimisha mtu kumtajirisha mtu mwingine ni kosa, likiwa na mipaka au bila mipaka, na mwaka 1920 alichapisha kijitabu akiita watu wetu watumwa wa Uingereza. Kelele hizo zilifika London, na mwaka 1921 maofisa wa Serikali walikatazwa kuwatafutia matajiri binafsi vibarua. Kwa hivyo mtu akituambia Wakristo hawana la kusema juu ya soko la kazi, tumwulize ni Wakristo gani. Walikuwapo waliotafuta njia ya kulainisha mzigo, na alikuwapo aliyeuliza kwa nini mzigo upo.

Mwaka 1954 kamati ya Serikali ya mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana Carpenter, ilitoa ripoti yake. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika makampuni, na karibu robo ya walio katika utumishi wa umma, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya na heshima, na hapo hesabu ilikuwa ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Chakula cha watoto kilitoka wapi basi? Kilitoka kwa jembe la mama yao huko nyumbani. Mwanamke yule hakuwa katika daftari la kampuni yoyote, wala hakuna aliyempa ahsante, lakini kila mwezi alilipa sehemu ya gharama ya kazi ya tajiri. Ile iliyoitwa bei ya soko ilikuwa bei ya soko ukitoa mahindi ya mama. Tena haijakwisha leo. Kibarua wa getini akikosa kazi siku tatu, wa kwanza kujua ni mwenye duka la mkopo na mkewe anayefulia watu nguo; kampuni haina habari.

Wahubiri wengine hupenda Mathayo 20, habari ya mwenye shamba la mizabibu, kwa sababu humo mwenye mali anasema ana haki ya kutumia kilicho chake apendavyo. Wanaifanya ngao ya tajiri. Lakini itazameni vizuri. Wale watu walikuwa vibarua, wamesimama sokoni mchana kutwa kwa kuwa hakuna aliyewaandika. Mwenye shamba alitumia uhuru wake kumpa mtu wa saa ya mwisho mshahara wa siku nzima, maana tumbo la huyo nalo lilikuwa la siku nzima. Hakuutumia kupunguza. Atakayekuja na fungu hilo mezani aje nalo lote. Ndugu zetu Waislamu nao wana fundisho lao juu ya jasho la kibarua kutokauka kabla hajalipwa, na hapo hatujawahi kuona dini zikigombana.

Upo upande mwingine, nao si wa kufichwa. Mwaka 1931 Papa Pius wa 11 alifundisha kwamba mshahara umtosheleze mtu na jamaa yake, lakini katika barua hiyo hiyo alisema ni dhuluma pia kudai kiasi ambacho biashara haiwezi kukibeba bila kuanguka na kuwaangusha wafanya kazi nayo. Mtu wa reli anajua maana yake. Injini ina uzito inaoweza kuvuta mlimani. Ukizidisha mabehewa, treni yote husimama, na abiria wa nyuma hafiki mapema kwa kumlaumu dereva. Kwa sababu hiyo chama hiki huomba hesabu kabla ya kuomba nyongeza. Lakini Papa huyo aliongeza kwamba biashara ikiwa haiwezi kwa ajili ya uvivu au ubaya wa wanaoiendesha, hiyo si sababu ya kumpunja mfanya kazi. Tajiri anayesema hana, afungue vitabu.

Sasa habari ya ada. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, ya kuingia chama, na ya kugoma. Haikusema mfanya kazi wa kudumu. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au kazi isiyotazamiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Matajiri wengine wanaijua sheria hii kuliko sisi: humsimamisha mtu siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha humrudisha kama mpya. Kibarua hawezi kupinga peke yake, kwa maana kesho asubuhi atasimama mbele ya nyapara yule yule. Ada atailipa kutoka katika mshahara upi, nasi tumemwacha nje ya mshahara?

Tena kila mahala penye vibarua ishirini getini, mtu wa kudumu ndani anaambiwa awatazame kupitia dirishani kabla hajadai kitu. Wapakizi wa London walilielewa hilo mwaka 1889.

Jambo hili litapigiwa kura katika mkutano mkuu wa matawi. Kabla ya siku hiyo kila katibu wa tawi alete hesabu ya vibarua walio mahala pake: wangapi, kazi gani, siku ngapi mfululizo, na ni mara ngapi wamesimamishwa na kurudishwa. Vikaratasi vya malipo au ujumbe wa malipo wa simu vitunzwe, maana ndivyo ushahidi. Majina yakae kwa katibu, yasibandikwe ukutani.