Nuru ya Kupimia Sumu Miteremkoni mwa Meru

Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki anayefikishwa zahanati akitokwa na mate na jasho, mboni za macho zimesinyaa, hawezi kungoja maabara. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilkolini, kemikali ya kupeleka ujumbe wa neva kwenye misuli na tezi. Mhudumu huanza atropini kwa dalili alizoziona, na ndivyo ipasavyo.

Kipimo kinamfaa zaidi yule anayelalamika kichwa tu baada ya kupulizia dawa. Tone la damu yake likichanganywa na asetilkolini, kimeng'enya kizima huivunja, kilichozuiwa huiacha. Nani atatoa habari ya kilichobaki? Wanakemia hutumia kaliksareni, molekuli yenye umbo la bakuli, iliyofumbata rangi ing'aayo na kuizima. Asetilkolini ikiingia bakulini, rangi husukumwa nje na kuwaka. Taabu ni kwamba kolini, zao la uvunjaji huo, nayo huingia. Tena wekundu wa damu hufyonza mwanga wa buluu na kijani. Kihisi kisichotenganisha viwili hivyo ni pambo la maabara.

Hata kilicho bora hakitasema kweli pasipo kipimo cha awali, maana kiwango cha kimeng'enya hutofautiana baina ya watu. Wapuliziaji wapimwe kabla ya msimu, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko papo hapo Ngaramtoni. Vipimo vya kawaida vya kubadili rangi vinatosha kuanzia. Kazi hiyo haina haja ya kungoja kaliksareni.