Ukiacha masomo katikati ya mwaka, makuta yako inaenda wapi?

Vijana wenzetu wa Mwadingusha, wa Likasi na wa kila mahali,

Kila mwaka tunaona jambo moja. Kijana anatoka huku kwetu kando ya Lufira, anaenda kusoma Likasi ao Lubumbashi. Wazazi wameuza samaki ya ziwa Tshangalele, wameuza mahindi, wamekopa kwa majirani. Wamelipa minervali sehemu ya kwanza, mara ingine hata ya pili. Kisha baba anagonjwa, ao binti anajifungua, ao kodi ya nyumba inamushinda. Anarudi nyumbani. Akiuliza pesa yake, anajibiwa pale dirishani: «Makuta ikishaingia, hairudiake.»

Sisi tunauliza: sheria hiyo imeandikwa kwenye karatasi gani? Mzazi alionyeshwa lini, mbele ya kulipa ao nyuma?

Hatusemi chuo kirudishe kila kitu. Walimu walifundisha, mwanafunzi alikaa darasani. Lakini miezi miwili si mwaka mzima. Kwingine walipata hesabu ya jambo hili. Kule England, mwanafunzi wa ada ya mkopo akiacha katika muhula wa kwanza anadaiwa 25% ya ada ya mwaka. Wa pili, 50%. Wa tatu, yote. Marekani, msaada wa serikali kuu unahesabiwa kwa siku: ukipitisha 60% ya muhula, msaada wa muhula ule ni wako wote, ukiacha mbele ya hapo, sehemu ambayo hukufikia inarudishwa. Si lazima tufuate yao neno kwa neno. Tunaonyesha tu kwamba hesabu inawezekana, na kwamba kila upande unaweza kuijua mapema.

Hata sisi tuko na njia. Nchi yetu imeingia katika mfumo wa LMD. Mwaka una krediti 60, muhula 30, na krediti uliyoshinda inabaki yako. Basi, kama krediti inaweza kumungojea mwanafunzi mpaka arudi, juu ya nini pesa yake isimungojee?

Kuhusu bursi, hali ni mbaya zaidi. Nyingi zinaahidiwa kwa mdomo, mbele ya kamera. Siku mwanafunzi anasimamisha masomo, bursi inakatika, na akirudi hakuna anayemukumbuka. Tusisahau: tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, na bursi ilikuwa kati ya madai yao. Askari waliwapiga risasi. Bursi haikuwa zawadi ya mkubwa wakati ule, na leo pia si zawadi. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inalazimisha makampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Kama pesa hiyo inalipa bursi, jamii iko na haki ya kuona masharti yake.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila chuo kibandike ukutani, mbele ya siku ya kwanza ya kulipa, sehemu gani inarudishwa na mpaka tarehe gani.
2. Anayeacha kwa ugonjwa, uzazi ao kifo katika familia, pesa ya muhula ambao hakusoma iwekwe kwa jina lake mpaka arudi.
3. Kila bursi iwe na mkataba wa maandishi unaosema nini kinafanyika mwanafunzi akisimama.

Na wewe, ndugu, dada, tunakuomba: usipotee kimya-kimya. Kijana anayetoweka bila barua anahesabiwa kama aliyeshindwa, na deni linaweza kumungoja. Andika barua ya kusimamisha masomo, weka tarehe, toa kopi, dai muhuri juu ya kopi yako. Chunga risiti zote. Mjulishe anayekulipia bursi kwa maandishi, siku ileile. Ukikataliwa muhuri, njoo na wenzako wawili ao watatu, murudie pamoja, kwa amani.

Toka 1930 maji ya Mwadingusha inatoa umeme kwa migodi. Watoto wa Mwadingusha hawaombi huruma. Wanaomba hesabu iliyo wazi.

Elimu ni haki. Tuko pamoja!